Fundi Pandashuka na Vitabu Vyake Kumi na Vinane

Kwanza kabisa, mchapaji hana kosa. Kijitabu mlichopewa mlangoni kinafunguka kutoka kulia, na picha ya marehemu iko upande ambao wengi wenu mnauita nyuma. Mchapaji alimwonya mdogo wa marehemu, ambaye ndiye aliyeandika wasifu huu na ndiye anayeusoma mbele yenu. Alimwambia, "Mwalimu, watu watasema nililewa." Mwalimu akamjibu achape hivyo hivyo, lawama ataibeba yeye. Sababu itajulikana kabla wasifu haujaisha. Anayeijua tayari asimnong'oneze jirani yake, kwa kuwa marehemu hakuwapenda watu wanaowamalizia wenzao hadithi.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 9 Machi 1966, saa kumi na moja alfajiri, mtoto wa kwanza kati ya wawili. Baba alikuwa fundi viatu na mama alikuwa mpishi wa shule. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, na bomba la maji lilikuwa la mtaa mzima, mwendo wa dakika kumi na ndoo kichwani. Mdogo wake wa kike alizaliwa miaka minne baadaye, na alipopata nguvu za kubeba ndoo ndogo wakawa wanaongozana. Kwenye foleni ile marehemu alikuwa akimsimulia hadithi za kutunga mwenyewe, na kila zilipofika patamu alizikatisha.

"Halafu?" mdogo wake anauliza.

"Halafu zamu yetu imefika. Kinga ndoo."

Siku moja mdogo wake alichoka kukatishiwa. Alimrukia kaka yake kwa hasira, akajikwaa kwenye ndoo, akang'oka jino la mbele. Tangu siku hiyo akawa Kijino. Leo ana miaka hamsini na minne, jino liliota zamani, amefundisha fasihi sekondari kwa miaka ishirini na sita na wanafunzi husimama akiingia darasani, lakini kwa kaka yake alibaki kuwa Kijino mpaka Jumamosi iliyopita.

Marehemu alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1973 hadi 1979, na sekondari kuanzia 1980 hadi 1983. Ripoti zake saba za msingi, ambazo mama alizihifadhi ndani ya bati la biskuti, zinasema neno lile lile kwa miandiko saba tofauti: ana akili, anaongea sana. Akiwa darasa la sita aliifungua kengele ya umeme ya shule ili aone sauti inatoka wapi. Aliona, na mtihani wa siku hiyo ukachelewa dakika arobaini. Alichapwa, kisha mwalimu mkuu akamwita ofisini, akafunga mlango, akamwomba amwonyeshe na yeye. Mwaka 1984 alijiunga na chuo cha ufundi, akahitimu Novemba 1986 katika umeme na mitambo.

Tarehe 2 Februari 1987 aliajiriwa na kampuni ya kufunga na kukagua lifti, akafanya kazi hapo hadi tarehe 30 Novemba 2023, karibu miaka thelathini na saba. Walinzi wa majengo ndio waliompa jina la Fundi Pandashuka, nalo likamkaa kuliko lile la kwenye cheti. Mwenzake wa kazi wa miaka ishirini na miwili, Mzee Grisi, yuko hapa leo ndani ya suti inayompwaya. Anasema marehemu alikuwa akiweka kiganja kwenye ukuta wa lifti, anafumba macho, anasema, "Kamba ya tatu inalia." Wakipanda chumba cha mitambo juu ya paa, wanakuta kamba ya tatu kweli inalia. Hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuumia kwenye lifti aliyoitia sahihi. Hilo lisemwe wazi mapema, maana yanayofuata yanaweza kumfanya mtu adhani marehemu kazini alikwenda kusoma.

Jumanne, tarehe 14 Mei 1996, alikuwa ghorofa ya sita ya jengo la maofisi akisubiri umeme urudi. Daktari wa meno wa ghorofa ile alikuwa anahama, na majarida ya chumba chake cha kusubiria yalikuwa yametupwa ndani ya boksi karibu na mlango wa lifti. Marehemu alikalia kisanduku chake cha vifaa, akachomoa kitabu kimoja chembamba. Kilikuwa hadithi ya picha kutoka Japani, zile zinazoitwa manga, kimetafsiriwa kwa Kiingereza. Akakifungua kama mtu yeyote anavyofungua kitabu, akasoma kurasa kumi. Watu walikuwa wanajibu kabla hawajaulizwa, treni ilikuwa inarudi ilikotoka. Akashangaa, akakigeuza, ndipo akagundua kwamba vitabu hivi huanzia kulia, na mwisho wake uko pale sisi tunapoweka mwanzo. Umeme uliporudi hakusikia. Mlinzi ndiye aliyepanda ngazi zote sita kumwambia.

Hadithi ile yeye aliiita Mlinda Geti. Mwanamke anarithi kwa baba yake kazi ya kulinda geti la reli nje ya mji mdogo. Treni hupita mara mbili kwa siku. Ikikaribia, anashusha geti. Watu wanasimama huku na huku, wanasubiri, wanaongea, treni inapita, geti linapanda, kila mtu anakwenda zake. Basi. Hakuna anayepigana, hakuna anayeruka juu ya mapaa, hakuna mwenye nguvu za ajabu. Ni vitabu kumi na vinane vya watu wanaosubiri treni ipite, na mchoraji wake hakuvuma hata siku moja. Marehemu alivitafuta vyote kwa miaka tisa, kwenye mitumba ya vitabu, kwa barua, kwa kuwasumbua wasafiri. Cha kumi na nane kilimfikia kwa posta Oktoba 2005, kona moja imeliwa na panya, lakini kurasa zote zimo.

Sasa, kuna watu wanaopenda kitu wakakifungia kabatini. Marehemu hakuwa hivyo. Kizuri kwake kilikuwa cha kugawa, na kukipendekeza Mlinda Geti ikawa kazi yake ya pili, isiyo na likizo. Alimchunguza mtu kwanza. Mwenye haraka hakumpa. Aliyeweza kukaa kimya nusu dakika bila kushika simu, huyo alimwita pembeni.

"Soma kurasa arobaini tu. Zikikushinda, nirudishie. Sitakuuliza kitu."

Na mtu akirudi na kusema, "Fundi, mbona hakuna kinachotokea?" yeye alifurahi badala ya kununa. "Ndiyo. Hakitokei mara kumi na nane, na kila mara kwa namna yake."

Ndani ya jalada la mwisho la kila kitabu alibandika kadi ngumu yenye safu tatu: jina, siku ya kuchukua, siku ya kurudisha. Kadi ya kitabu cha kwanza ina majina themanini na sita, ikabidi abandike ya pili chini yake. Kadi ya cha pili ina majina thelathini na moja. Ya cha tano, tisa. Mzee Grisi alifika cha nane, ingawa wapo wanaodai alivitumia zaidi kama mto wa kulalia mchana. Wengi wenu mliokaa hapa mmo kwenye kadi zile, na mnajijua mlikoishia.

Hata ndoa yake ililetwa na kitabu. Alhamisi, tarehe 12 Novemba 1998, lifti ya jengo la ghorofa kumi na moja ilikwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, ndani yake akiwa karani wa masjala, peke yake. Marehemu alifika akasikia pumzi zake kupitia mlango. Alijua mtu aliyekwama huogopa kimya kuliko anavyoogopa kimo, kwa hiyo kila alipokuwa anafungua na kufunga nati, mdomo wake ulikuwa kwenye ufa wa mlango akisimulia Mlinda Geti. Alisimulia kwa saa moja na dakika arobaini. Lifti ilipofika ghorofa ya nne na mlango ukafunguka, karani alibaki amesimama ndani.

"Vipi, dada, hutoki?"

"Irudishe ikwame. Hujamaliza."

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 4 Septemba 1999, na tarehe 21 Januari 2001 wakapata binti yao mmoja, ambaye leo ni mfamasia. Mkewe alisoma hadi kitabu cha saba, akasimama hapo kwa hiari yake. "Mimi nimeolewa na tarumbeta la vitabu hivi," alikuwa akiwaambia wageni. "Nyimbo zote nazijua." Binti alifika cha kumi na mbili, kisha chuo kikamteka. Marehemu hakuwalaumu. Nyumba ile ilikuwa na utani mwingi na ugomvi mchache, na kama mlipita dirishani kwao jioni mlisikia sauti moja ikisimulia na mbili zikiikata kauli.

Lakini kipo kitu alichokitaka, na alikitaka kweli. Alitaka mtu mmoja afike mwisho wa kitabu cha kumi na nane, waketi, wauzungumzie. Siku alipoufikia yeye mwenyewe, mwaka ule wa 2005, alitoka nje, akarudi ndani, akatoka tena. Mkewe akamuuliza ana nini.

"Nimemaliza."

"Si ndiyo ulichokuwa unataka?"

"Sasa sina wa kumwambia."

"Niambie mimi."

"Wewe uko cha saba, mama watoto. Nikikuambia nitakuwa nimekuibia."

Hapa ndipo mdogo wake anapoingia, na kwa kuwa yeye ndiye mwandishi, angeweza kupaka rangi. Hatapaka. Huyu ni mwalimu ambaye hajawahi kumsamehe mwanafunzi aliyejibu swali la kitabu asichokisoma. Januari 2012 marehemu alimletea kitabu cha kwanza, akamwonyesha kwa kidole pa kuanzia. Mwalimu alikuwa anasahihisha madaftari, akasema eeh, eeh, bila kuinua kichwa. Kaka yake alipoondoka alikitazama kitabu kwa dakika mbili, akaona picha, akajiambia haya ni mambo ya watoto, akakiweka juu ya friji. Mwezi uliofuata marehemu alikuja na cha pili.

"Umefika wapi?"

"Pazuri."

Jibu hilo moja lilimvusha mwaka mzima na nusu. Kila mwezi kitabu kimoja, kila mwezi "pazuri", na kila mwezi friji ilibadilishiwa mzigo. Marehemu alikuwa akiondoka pale nyumbani kwa mwendo wa mtu aliyepandishwa cheo. Mdogo wake aliiona furaha ile, na badala ya kumtia aibu ikamtia usingizi.

Tarehe 2 Juni 2013 alipewa cha kumi na nane. Alijua safari hii kutaulizwa maswali. Kwa hiyo, asubuhi ya siku ya kukirudisha, alifanya kile ambacho wanafunzi wake hufanya na yeye huwatoa nje: alikifungua kitabu mwishoni, akasoma kurasa tatu tu, akafunga. Alasiri walikaa sebuleni kwa kaka yake, chai mezani. Marehemu alikuwa amevaa shati la kutokea.

"Haya, Kijino. Nieleze. Mwisho umeuonaje?"

"Kaka, nimelia. Pale anapochemsha maji, mvua inaanza, halafu anafungua dirisha hasemi neno. Sijawahi kuona mwisho mzuri kama ule."

Marehemu alisogeza kikombe chake. Kisha akasema, "Eeh. Ongeza chai."

Alichukua kitabu, akakirudisha kabatini, wakazungumzia bei ya mabati. Mdogo wake alirudi nyumbani akijipongeza kwamba amefaulu. Kaka yake hakumtajia tena Mlinda Geti kwa karibu miaka kumi na moja, na yeye akadhani ni kwa sababu shauku imekwisha. Wengine, hata hivyo, marehemu aliendelea kuwafuata kama kawaida.

Oktoba 2023 marehemu alianza kulalamika mgongo na tumbo. Tarehe 22 Novemba madaktari walisema ni saratani ya kongosho, na kwamba imeshakwenda mbali. Alistaafu mwisho wa mwezi ule, akakabidhi funguo za vyumba vya mitambo kwa Mzee Grisi moja baada ya nyingine, akimwambia kila lifti ina tabia gani. Alilazwa mara mbili, na hakuacha mazoea: mpiga picha za eksirei aliondoka na kitabu cha kwanza, na muuguzi wa wodi alikuwa akikingojea.

Jumamosi, tarehe 16 Machi 2024, mdogo wake alisafiri kutoka mji anaofundisha kwenda kumwona hospitali. Njiani alipitia kwa wifi yake akachukua kitabu cha kumi na nane. Alitaka kumfurahisha mgonjwa. Alivuta kiti, akasema, "Kaka, leo nikuonyeshe ule mwisho ninaoupenda," akakifungua mwishoni, akaanza kumweleza maji yanavyochemka.

Marehemu alinyoosha kidole chembamba, akagusa ukurasa.

"Kijino. Hapo ni mwanzo."

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu, lakini hii ilikuwa imekwenda karibu miaka kumi na moja kabla ya kufika ukingoni.  Mdogo wake alikitazama kitabu, akakigeuza, akakigeuza tena.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile ya chai."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeomba msamaha. Msamaha ningeufanyia nini? Mimi nilitaka mtu wa kuzungumza naye."

Halafu akacheka. Alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia dripu. "Hata mimi nilianzia huko," alisema akijifuta macho. "Kurasa kumi. Wewe umekaa huko miaka kumi na moja, umenishinda." Mdogo wake hakucheka. Alilia pale mbele ya wagonjwa wengine sita, mwanamke mzima mwenye mkoba wa madaftari, na kaka yake akampigapiga mkono kama alivyofanya siku ya ndoo.

"Nitavisoma vyote," alisema. "Kweli safari hii. Wiki hii hii."

"Si wiki hii. Kimoja kila Jumamosi, nikiwepo. Mchoraji alikaa na kila kimoja mwaka mzima, wewe kitakushinda wiki?"

Mpiga picha alibembelezwa akarudisha kitabu cha kwanza, na Jumamosi ya tarehe 23 Machi wakaanza, marehemu akiwa amesharuhusiwa kurudi nyumbani. Mdogo wake alikuwa akipanda basi alfajiri, anafika saa tatu, anaketi kitandani upande wa ukutani. Hakumsomea kwa sauti, maana marehemu alisema picha hazisomewi mtu. Alisoma kimya, na marehemu hakukitazama kitabu. Alikuwa anamtazama yeye usoni. Kila uso ulipobadilika alijua ni ukurasa gani.

Mwalimu anakiri hapa, mbele ya wenzake wa kazi waliokuja kumfariji, kwamba kitabu kile ni kizuri. Mpaka kitabu cha tatu alisoma kwa adabu. Kuanzia cha nne alisoma kwa njaa. Yumo muuza mayai mwenye baiskeli ambaye daima husimama upande wa kushoto wa geti, hata pale ambapo safari yake haimtaki apite hapo. Yule mtu aliwagombanisha ndugu wawili kwa Jumamosi tano mfululizo.

"Anampenda mlinda geti," alisema mdogo wake.

"Hampendi. Anapenda kusubiri."

"Kaka, mtu hubeba mayai mia moja juani kwa sababu anapenda kusubiri?"

"Mimi nilisimama mlangoni pa lifti saa moja na dakika arobaini."

"Na ukaoa!" mkewe alidakia kutoka jikoni, na mjadala ukaishia hapo kwa wiki ile.

Zilikuwa Jumamosi nzuri. Zisemwe hivyo hivyo, bila kuzipunguza. Mwili wake ulikuwa unakwisha na kila mtu aliona, lakini siku ya kusoma alinyolewa ndevu, akaketishwa kwa mito mitatu. Kitabu cha kumi na tano kilipoisha alisema tumbo linauma kwa kubishana, si kwa ugonjwa. Tarehe 13 Julai mdogo wake alimaliza cha kumi na saba. Geti limeharibika, fundi ameitwa, na mlinda geti amesimama katikati ya reli na taa mkononi. Kinaisha hapo. Cha kumi na nane kilikuwa pale pale kwenye meza ndogo, karibu na dawa.

"Kaka, nikiendelea leo?"

"Jumamosi."

"Umechoka. Tusisubiri."

"Nimechoka leo, Jumamosi nitakuwa nimepumzika. Mtu mwenye kitabu cha kusubiri haondoki ovyo." Akamkonyeza. "Halafu ukianzia mwisho nitajua."

Alikuwa na hakika, na hakika yake iliambukiza. Mdogo wake alimtii. Amejiuliza wiki hii yote kwa nini alitii, yeye aliyemrukia kaka yake bombani kwa sababu ya hadithi iliyokatishwa. Anajuta, na hataki kuambiwa asijute.

Marehemu alifariki nyumbani kwake Jumanne, tarehe 16 Julai 2024, saa tano na dakika kumi asubuhi, mkewe amemshika mkono wa kulia na binti yake wa kushoto. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Neno lake la mwisho lililoeleweka alimwambia Mzee Grisi kwa simu jioni ya siku iliyotangulia, nalo lilihusu breki za jengo la benki. Mzee Grisi amekwisha kuzirekebisha.

Jumamosi ya kumi na nane ni leo.

Asubuhi hii saa moja, wakati majirani wanapanga viti nje, mdogo wake aliingia chumba kile, akaketi kitandani upande wa ukutani, akakifungua kitabu kutoka kulia. Aliyakuta maji yanachemka. Aliikuta mvua na dirisha, pale pale alipoviacha mwaka 2013, kurasa tatu alizoziita mwisho. Akaendelea. Alisoma kila picha mpaka ukurasa ule wa mwisho kabisa, na alipoufikia alifungua mdomo amwite kaka yake. Jina lilishatoka nusu. Kisha akakumbuka viti vile nje ni vya nini.

Alitoka nje ya nyumba, akarudi ndani, akatoka tena. Wifi yake alimwona akamwelewa, maana alishawahi kuyaona hayo.

Aliporudi kukichukua kitabu ndipo alipoiona kadi. Kwenye vitabu vingine jina lake limo na tarehe zake zote mbili, kwa mwandiko mnyoofu wa fundi. Kwenye cha kumi na nane kuna jina moja tu: Kijino. Siku ya kuchukua: 2 Juni 2013. Siku ya kurudisha, hakuna kitu. Marehemu alikipokea kitabu kile kwa mkono wake, akakiweka kabatini kwake, akakaa nacho karibu miaka kumi na moja, na nafasi ile akaiacha wazi. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anamsubiri.

Mdogo wake aliomba kalamu kwa binti. "Shangazi, unaandika nini?" binti aliuliza. Akaandika: 20 Julai 2024.

Marehemu ameacha mjane, aliyekwama kwenye lifti akakataa kutoka. Binti mmoja, mfamasia, ambaye ameahidi kuanza upya pale alipoachia kwenye kitabu cha kumi na mbili, na atabanwa. Mdogo wake mmoja. Mzee Grisi, ambaye si wa damu lakini analia kama wa damu. Lifti mia moja na arobaini zinazopanda na kushuka salama leo hii. Na vitabu kumi na vinane.

Vitabu hivyo viko mezani karibu na mlango wa kutokea, kalamu ipo, kadi zina nafasi. Vinaanzia kulia, kama kijitabu mlicho nacho mkononi. Someni kurasa arobaini tu. Zikiwashinda, rudisheni, hamtaulizwa kitu. Lakini kama yupo mmoja kati yenu atakayefika mwisho, hata ikimchukua miaka, mdogo wa marehemu anaomba aje, mchana wowote, chai itakuwepo. Mwisho sasa anaujua, na hana wa kuzungumza naye.

Fundi Pandashuka apumzike salama. Kitabu kimerudi.